Tuchangie Mfuko kwanza, au tuunganishe mafaili kwanza?

Mleta mada (Micheweni)

Assalaam alaykum wanabaraza. Tangu ipite sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar mwaka 2023, kila kijiwe kinazungumza habari moja: nani achangie na achangie kiasi gani. Watumishi wa umma ndio walioanza kuandikishwa, na sisi wavuvi, wakulima wa karafuu na wenye vibanda tunasubiri zamu yetu. Mie nataka tugeuze swali.

Mama yangu ana presha na sukari, na umri wake umeshapita sitini. Kituo cha karibu na nyumbani kilimwandikia amlodipini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Akaenda Unguja kwa dada yangu, kule akazidiwa, akapelekwa hospitali ya binafsi. Wakampa dawa ya presha yenye boksi zuri na jina la kampuni. Ndani ya boksi ni amlodipini ile ile, lakini hakuna aliyemwambia, wala hakuna aliyemuuliza anameza nini. Akarudi Pemba anameza vyote viwili, maana vyote kaandikiwa na daktari, na mama yetu daktari hamkhalifu.

Dawa ile ikizidi huvimbisha miguu. Ikavimba. Daktari wa tatu akaiona miguu, mkoba wa dawa hakuutizama, akaandika furosemaidi ya kupunguza maji, ile wengi mnayoijua kwa jina la Lasix. Sasa bibi wa watu kutwa na usiku yuko njia ya chooni. Potasiamu ikashuka, kizunguzungu kikamshika, akaanguka mlangoni mwa choo. Tukaanza safari nyengine, ya eksirei ya nyonga. Alhamdulillahi haikuvunjika.

Hesabuni wenyewe: nauli za boti za watu wawili, siku za kazi zangu na za mke wangu, kipimo cha figo mara tatu ndani ya wiki sita kwa kuwa kila pahala wanataka karatasi yao. Na katika watu wote tuliokutana nao sikumuona mvivu hata mmoja, wala hakuna aliyeniomba chochote. Kila mmoja alitibu kile alichokiona mbele yake.

Ndiyo maana nasema, tukimwagia michango utaratibu huu kama ulivyo, tutakuwa tumenunua kipimo cha figo cha nne. Pendekezo langu: kila mwenye maradhi ya kudumu aandikishwe kituo kimoja. Mfuko ukilipe kituo kile kwa idadi ya vichwa kilivyoandikisha, sio kwa kila kipimo. Rufaa itoke pale na majibu yarudi pale. Nipingeni.

Mchumi wa Darajani

Pole sana kwa Bi Mkubwa. Kisa chako ni kizito lakini hitimisho lako silikubali hata kidogo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume alitangaza matibabu bure. Wakati ule wengi walikuja spitali kwa homa, kuzaa na majeraha. Unatibiwa, unapona au hukupona, faili linafungwa. Leo mtu akipata presha ana arubaini anaweza kumeza vidonge miaka thelathini, na sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa watu 1,889,773. Bure ya namna hii inataka chanzo cha fedha, na chanzo lazima kitangulie. Wakuu wa nchi za Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao iende kwenye afya. Tangu wakati huo ni nchi chache mno zilizofika. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Faili lililopangwa vizuri halileti dawa kwenye shelfu.

Na hilo la kulipa kwa kichwa, Ghana walishalijaribu. Walianza na mkoa wa Ashanti mwaka 2012, na 2017 wakausimamisha mpango. Ukilipwa kwa kichwa, mgonjwa anayekuja mara nyingi ni hasara kwako. Utamtizama kwa jicho gani?

Mleta mada

Shekhe, Ghana umeisoma nusu. Mkoa ulikuwa mmoja tu, na watu wake wengi wakahisi wameonewa wao peke yao. Hisia hiyo sisi Wapemba hatuhitaji kufundishwa. Thailand walilipa kwa kichwa tangu 2002, fedha zikitoka kwenye kodi, na mpango wao bado umesimama.

Halafu ukitaka kujua kama pesa peke yake inatibu, tizama Marekani. Wanatumia kiasi cha asilimia 17 ya pato la nchi kwenye afya, hakuna taifa kubwa linalowafikia, na bado umri wao wa kuishi ni mfupi kuliko wa nchi nyengine tajiri. Hilo la mgonjwa msumbufu kuonekana hasara, hapo umenibana. Sina jibu.

Fundo kwa Mashua

Ati tuandikishwe kituo kimoja! Mwenzangu wewe uko Micheweni, gari zinapita. Mie niko kisiwani Fundo, nikitaka Wete navuka maji. Mtu wa kituo akiwa na ruhusa au semina, nani atanitibu? Ukinifunga na kituo kimoja umenifunga na mlango wenye kufuli. Mgonjwa wa kisiwani anatibiwa pale mashua ilipomfikisha.

Muuguzi Mstaafu (Chake)

Wanangu, nimewasoma wote na chai yangu imepoa. Nimevaa sare miaka mingi, zaidi kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Mnazungumza kama kwamba faili moja ni kitu kipya kinachotaka kuletwa. Tunalo! Kadi ya kliniki ya mtoto. Mama wa Kisiwa Panza anajifungua Mkoani, anachanja Chokocho, mumewe anahamishiwa kazi Unguja, mtoto anapimwa uzito Kivunge. Kadi ni ile ile. Kila nesi anaifungua anajua chanjo ipi imeingia na ipi bado, uzito unapanda au unashuka, na tarehe ya kurudi ni ipi. Hakuna kompyuta. Na mama haipotezi ile kadi. Nyumba ikivuja maji anaanza kuitoa hiyo kabla ya khanga zake.

Sasa mtoto yule akitimiza miaka mitano tunamwambia kwaheri, na mpaka azeeke hatumpi kadi nyengine yenye maana. Mwanamke anaipata akiwa na mimba, akishazaa ndio basi. Mwanamme haipati kabisa. Akija na presha ana hamsini anabeba vikaratasi kwenye mkoba wa ukili, vengine vimefutika kwa jasho, vengine vimefungiwa karanga.

Mfano mwengine ni malaria. Sisi tulioona watoto wakiletwa mikononi wanatetemeka tunajua ilikuwaje. Maambukizi yakashuka mpaka chini ya asilimia moja ya watu. Vyandarua na upulizaji wa dawa vilisaidia, lakini jengine lililosaidia ni huku kufuatana. Kituo kikipata mgonjwa, taarifa inakwenda kwa simu, ofisa wa wilaya anaifuata nyumba, anapima na waliobaki ndani. Kituo, wilaya na nyumba wakawa wanasema kitu kimoja. Kwa hiyo msiniambie Wazanzibari hatuwezi kuunganishwa.

Na wale wajitoleaji wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wenye simu, wanaopita nyumba kwa nyumba katika wilaya zote 11? Kazi yao ilianzia kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Anaingia ukumbini, anampima mtoto, na bibi yupo kwenye kitanda cha kamba miguu imemvimba, haimo kwenye maswali ya simu. Mjitoleaji anamsalimia, anatoka.

Na jambo moja la kazini. Madaktari wa Kichina wanakuja kwetu tangu 1964, nimefanya kazi nao na nawasifu. Lakini timu huja, hukaa muda wake, huondoka, inakuja nyengine. Hata wetu wanahamishwa. Kinachobaki na mgonjwa ni karatasi. Basi karatasi ile iwe moja na isomeke.

Duka la Dawa

Naunga mkono hapo kwa karatasi kusomeka, maana mie ndiye ninayeletewa nizisome.

Niongeze jambo ambalo madaktari hawalioni. Dawa zote za mtu zinakutana dukani kwangu. Ya kituo ikikosekana anakuja kununua, ya hospitali ya binafsi anakuja kununua, na ya jirani aliyemwambia "hii ilinifaa" pia anakuja kununua. Mteja hataji jina. Anasema nipe cheupe kirefu, au nipe kile cha boksi la bluu. Amlodipini inauzwa kwa majina mengi, kila kampuni na lake, lakini jina la dawa yenyewe limeandikwa chini kwa herufi ndogo. Lile jina dogo ndilo la kusoma. Mwambie mama yako, na mwambie na dada yako wa Unguja.

Mchumi hajakosea kabisa, niseme haki. Mtu aliyeandikiwa vidonge vya mwezi akinunua vya siku kumi kwa sababu ya pesa, kadi haitomsaidia.

Mpemba Ughaibuni

Huku Uingereza kila mtu ameandikishwa kwa daktari wa mtaa, na bila ya barua yake humuoni bingwa ila kwa dharura. Mfumo wao wameuanza 1948. Faida yake ni hiyo anayoitaka mleta mada, yupo mtu mmoja anayejua dawa zako zote. Hasara yake ni foleni. Mie nimesubiri bingwa wa goti mpaka goti likazoea.

Mchumi wa Darajani

Hahaha. Kwa hiyo tutoke kwenye foleni yetu tuingie kwenye yao.

Bi Muuguzi, shikamoo. Kadi ya mtoto ni hoja nzuri, ila kuna tofauti hukuitaja. Kadi ya mtoto haina siri. Ya mtu mzima ina siri. Kuna mwenye virusi, kuna mwenye maradhi ya akili, kuna mwanamke anayetumia uzazi wa mpango na mumewe hataki. Utaandika yote hayo kwenye kadi inayokaa juu ya kabati, watoto wanaichezea? Bora kompyuta, na kila mtu afunguliwe kwa namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi.

Fundo kwa Mashua

Kitambulisho tena! Bwana, hiyo habari ya kitambulisho na masheha, wakuu wetu wa mitaa, tuiache, mada itaungua hii.

Muuguzi Mstaafu (Chake)

Marahaba mwanangu. Siri umesema kweli, na nimeiona ikivunja nyumba. Basi kadi isibebe maradhi yote. Iandikwe presha, sukari, pumu, dawa na kiwango chake, kitu kinachomdhuru mtu, na kipimo cha mwisho cha figo na tarehe yake. Yenye siri yabaki kwenye faili la kliniki yake, na daktari akatwe ulimi akiyatoa. Kompyuta sizikatai. Nakataa kusubiri kompyuta. Umeme ukikatika pale kituoni tunamwambia mgonjwa nini, njoo kesho?

Mchumi wa Darajani

Na hospitali ya binafsi itakubali kuandika kwenye kadi yenu? Ile inauza vipimo. Ukionesha kwamba figo zimepimwa wiki iliyopita umeipunguzia mauzo.

Mleta mada

Hapo ndipo Mfuko unapokuwa na nguvu, ndugu yangu. Anayelipa ndiye anayeweka sharti. Kipimo kilichorudiwa ndani ya mwezi bila ya sababu iliyoandikwa, Mfuko usikilipe. Kadi isiyojazwa, dai lirudi. Masharti haya ni rahisi kuyaweka sasa, wakati Mfuko bado mchanga, kuliko baada ya miaka kumi watu wameshazoea. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba Mfuko uwepo na tuchangie. Ninachokataa ni kuchangia kwanza halafu masharti baadaye.

Na la kufungwa na kituo kimoja naliondoa. Fundo kwa Mashua amenishinda, sikuwafikiria watu wa visiwani. Mtu atibiwe popote, kadi imfuate.

Mchumi wa Darajani

Hapo tumekaribiana, ingawa bado nasema hukunijibu dawa zisizokuwepo zitatoka wapi.

Mleta mada

Sikukujibu, kweli. Hilo lifungulie mada yake, nitakuja.

Bi Muuguzi, mie siwezi kusubiri serikali ichapishe kadi. Leo nimenunua kaunta buku ndogo ya mama. Niipige mistari vipi?

Muuguzi Mstaafu (Chake)

Ukurasa wa kwanza jina lake, mwaka wa kuzaliwa, simu yako na ya dada yako, maradhi yake na kitu kinachomdhuru. Kurasa za kushoto weka dawa: jina lile dogo la chini ya boksi, miligramu, mara ngapi kwa siku, kaandika nani, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Hiyo ya kuacha usiisahau, ndiyo inayokosekana kwenye vyeti vyote. Kurasa za kulia vipimo: presha, sukari, figo, potasiamu. Kila akiingia kwa daktari, buku liwekwe mezani kabla ya salamu. Na kalamu uifunge kwa uzi kwenye buku lenyewe, maana ukimpa daktari yako hairudi.