Kompyuta ya injini inayokufa: kuitengeneza, kufunga iliyotumika, au kununua mpya?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia tatu kabla sijafanya uamuzi. Gari langu ni la petroli, lina silinda nne, na kila plagi ina koili yake ya kuzalisha umeme wa cheche juu. Kwa majuma mawili sasa injini huwaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata joto silinda ya tatu huanza kumisi, gari hutetemeka, na mara mbili limezimika kabisa nikiwa barabarani. Likipoa kwa nusu saa huwaka tena kama kawaida. Mashine ya kupimia imesoma msimbo wa hitilafu P0353, unaohusu saketi ya koili ya tatu, pamoja na P0606, unaohusu prosesa ya kompyuta yenyewe. Plagi zote ni mpya, na koili ya tatu niliibadilisha miezi michache iliyopita. Fundi anasema kompyuta imeanza kufa, na ananitaka nichague kati ya kuitengeneza hiyo hiyo, kufunga iliyotoka kwenye gari jingine, au kuagiza mpya.

Mpima Waya

Ndugu, ulinganisho huo utakuwa na maana baada ya kuthibitisha kwamba kompyuta ndiyo mbovu, kwa maana nimeona nyingi zikitupwa zikiwa nzima. Anza na umeme unaoingia. Betri iliyojaa husoma takriban voliti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na ikiwa inaunguruma usomaji huwa kati ya 13.5 na 14.7. Kisha pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, na usiipime kwa ohmu, kwa sababu waya uliobakiza nyuzi mbili tu utasoma vizuri wakati haubebi mzigo. Acha injini iunguruke, washa taa na feni, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya ethi nyuma ya soketi ya kompyuta ikiwa imechomekwa. Ukipata zaidi ya voliti 0.1, tafuta kutu au boliti iliyolegea kabla ya kugusa kitu kingine.

Baada ya hapo pima zile voliti 5 ambazo kompyuta huzipeleka kwenye sensa. Zikikosekana, chomoa sensa moja baada ya nyingine huku ukitazama multimita. Zikirudi ghafla, basi sensa uliyochomoa mwisho, au waya wake, ndiyo iliyokuwa ikiziangusha. Gari lililozimwa na sensa moja yenye shoti huonekana sawasawa na gari lenye kompyuta iliyokufa.

Fundi wa Saketi

Naunga mkono, ila dalili ya kukorofisha ikiwa moto na kupona ikipoa inanifanya niishuku bodi kweli. Risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye mguu wa kipuri hutanuka kwa joto na kuachia, na transista (swichi ya kielektroniki) inayoendesha koili, ikiwa imeanza kuungua, hufanya vivyo hivyo.

Kuna jambo moja ninaloliomba kwa msisitizo: usiihamishe koili ya tatu kwenda silinda nyingine kwa nia ya kujaribu. Tazama kwanza ina waya ngapi. Koili za waya tatu au nne kwa kawaida zina transista yake ndani, na kompyuta huzitumia ishara tu. Koili ya waya mbili huwashwa na kuzimwa moja kwa moja na transista iliyomo ndani ya kompyuta, kwa hiyo ikiwa na shoti hupitisha mkondo mkubwa kupita kiasi na kuichoma transista hiyo. Ukiihamishia silinda ya pili, utaichoma na transista ya silinda hiyo. Zichomoe zote nne zikiwa baridi, upime ohmu za upande wa praimari (waya unaopokea umeme wa betri), kisha uzilinganishe. Isiyofanana na wenzake ndiyo ya kuogopwa. Usipoiondoa, hata kompyuta mpya kabisa itaungua mahali pale pale.

Dereva wa Masafa

Mimi nilichagua iliyotumika, yenye namba ya kipuri inayolingana na ya zamani hadi herufi ya mwisho. Gari lilipiga starta vizuri lakini halikuwaka, kwa sababu imobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia wizi, haikuitambua. Ilibidi data ya kompyuta ya zamani isomwe na kuandikwa kwenye ile nyingine, ikiwemo namba ya chasisi na taarifa za funguo, ndipo gari likawaka, na hadi leo halijanisumbua. Kwangu njia hii inafaa mradi kumbukumbu ya kompyuta ya zamani bado inasomeka.

Mpima Waya

Shida yangu na iliyotumika ni kwamba hujui imetoka wapi. Ikiwa gari lake lilizama majini, kutu itaendelea kula bodi polepole ukiwa umeshalipa. Angalau ikaguliwe pini zake: ukiona ukijani, iache.

Mhandisi Mstaafu

Mpya nayo isichukuliwe kuwa ni ya kufunga na kuondoka. Nyingi hufika zikiwa hazijapangwa, zikahitaji programu ya modeli husika, namba ya chasisi, na kuoanishwa na funguo. Wakati wa kuandika programu lazima gari liunganishwe na chanzo cha umeme kisichoyumba, kwani voliti zikishuka katikati ya kazi kompyuta inaweza kuharibika hapo hapo. Mimi ningeichagua mpya ikiwa prosesa au kumbukumbu yenyewe imekufa, au kutu imepenya kwenye tabaka za ndani za bodi. Ikiwa ni transista, kapasita au risasi, kutengeneza ile ile ni bora zaidi, kwa sababu inabaki na utambulisho wake wote na gari haligundui mabadiliko yoyote.

Mwanzisha mada

Nimerudi na majibu. Ethi ilisoma voliti 0.04 na sensa zinapata voliti 5 kamili. Koili zangu ni za waya mbili. Tatu zilisoma takriban ohmu 0.7, na ile ya silinda ya tatu, niliyoinunua mwenyewe, ilisoma 0.2. Tulitenganisha betri, tukaitoa kompyuta na kuifungua, na kweli transista ya koili ya tatu ilikuwa imebadilika rangi, na risasi ya kipuri cha kudhibiti umeme kilicho jirani yake ilikuwa imepasuka, jambo ambalo fundi anaamini ndilo lililokuwa likiisumbua prosesa na kuleta P0606.

Kwa hiyo nimechagua kutengeneza. Transista imebadilishwa, risasi imeunganishwa upya, na koili nyingine imefungwa baada ya kupimwa. Nimeendesha kilomita 600 mchana wa jua kali, na hakuna hitilafu iliyojirudia. Koili mbovu nimeivunja soketi yake kwa nyundo, isije ikaokotwa ikafungwa kwenye gari la mtu mwingine.