Tupeane uzoefu: uliyehamisha imeli za zamani kwenda kompyuta mpya, ilikuwaje?

karani_wa_bandari: Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kiofisi chetu ni cha uwakala wa mizigo, mimi ndo karani, ndo mpika chai na ndo fundi kompyuta hukohuko. Mashine ya ofisi ni ya Windows 10 na toka Microsoft waache kuitolea masasisho Oktoba 2025 nimekua nampigia bosi kelele, hatimaye kakubali, mpya imeshuka jana na basi toka Dar. Sasa kwenye ile kuukuu kuna imeli toka 2009, zote zipo ndani ya Outlook, ile programu ya kusomea imeli, na akaunti ni ya POP imesetiwa ikishavuta barua inaifuta kule kwenye seva, yani zikipotea humu ndo basi tena. Na kuna mteja wa korosho wa India anadai karatasi za mzigo wa 2017. Nimekaa naiangalia tu kama mtu anaangalia nyoka kwenye kuni. Waliopitia haya wasimulie, hasa pale walipokwama.

mamaMikindani: Karani mwanangu, mimi yalinikuta. Nilikua mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Mikindani, mashine imeliwa na chumvi ya bahari mpaka kibodi herufi A unaigonga kwa ngumi. Akaja kijana fundi, akakopi Desktop, akakopi Documents, akakopi picha, akaniambia mama kila kitu kipo humu, mashine ya zamani akaondoka nayo kama sehemu ya malipo yake. Nikampa na soda. Siku ya tatu nafungua Outlook, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Kumbe Outlook yetu ilikua ya 2007 na hiyo inaweka faili lake kwenye folda inaitwa AppData ambayo Windows yenyewe inaificha, hata ukizunguka humo ndani huioni mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Nikapanda bajaji mpaka mjini kumsaka, namkuta keshapiga Windows upya na keshaiuza kwa mwanafunzi. Wageni wote wa mwezi wa saba walikua humo. Basi kila anayeshuka na begi tunamwambia karibu sana tulikua tunakusubiri, halafu tunakimbia nyuma kutandika kitanda.

nachi_kwetu: Hahaha mama wewe 😂😂 na soda ukampa

fundi_Ligula: Mama pole, ila na sisi mafundi tuna makosa, wengi tunakopi tunachokiona. Karani kabla hujagusa kitu ingia kwenye Outlook hiyohiyo ya zamani, bonyeza File, nenda Account Settings, kuna sehemu ya Data Files, hapo inakuonyesha kila faili na njia yake lilipo. Za kuanzia 2010 mara nyingi zinakaa Documents ndani ya folda ya Outlook Files, lakini kama mlipandisha toleo juu ya la zamani faili linabaki kulekule lilikozaliwa. Usikisie, soma hiyo njia.

Na mimi ya kwangu niliumbuka nayo. Faili la mteja lilikua na GB 6, nina flashi mpya ya GB 32, nakopi inagoma inasema faili ni kubwa mno. Nafasi ipo! Nikarudi dukani nikamwambia muuzaji umeniuzia feki, tukabishana pale watu wakajaa, akanipa nyingine, nayo ikagoma vilevile. Shida haikua flashi. Flashi za saizi hiyo nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama flashi ni tupu, unatakiwa uiformati iwe exFAT au NTFS kwanza. Yule muuzaji mpaka leo nikipita ananisalimia kwa mdomo wa pembeni.

nachi_kwetu: Mi nilikesha nakopi faili la GB 9 linaishia na .ost, asubuhi Outlook mpya imelikataa kabisa. Nikaja kuambiwa .ost ni nakala tu ya vilivyoko kwenye seva na imefungwa kwenye mashine yake, akaunti za IMAP, zile ambazo barua zinabaki kwenye seva, unaingiza neno la siri inajivuta yenyewe. Linalohamishika ni .pst, faili ambalo barua zenyewe zimo ndani yake. Usiku mzima huo na mbu wa Nachingwea.

bandari_tulivu: Sa si mtumie Gmail tu jamani, mambo ya 2009 mnayabeba ya nini

karani_wa_bandari: Mkuu, mteja akisema mzigo ulipungua magunia utamjibu kwa Gmail uliyoifungua jana? Tuendelee.

Lindi_Ndoro: Ngoja niwape ya Lindi, hii ndefu. Mwaka 2024 shirika tulilokua tunafanya kazi lilileta laptop mpya, fundi wao yupo Dar akasema hakuna haja ya kuhangaika huko, nitumieni mashine kuukuu, nitahamisha kila kitu kwenye diski ya nje nawarudishia. Sawa, tukaifunga kwenye boksi la Azam ikapanda basi mwishoni mwa mwezi wa nne. Akafanya kazi yake, diski ikakabidhiwa kwa kondakta. Tarehe 4 Mei ndo kile kimbunga Hidaya, mnakumbuka, mvua ikala barabara pale Somanga, magari yamepanga foleni huku na huku hayapiti, na diski yetu iko kwenye moja ya hayo. Bosi akasema msilie, akaunti hii ni ya IMAP, vuteni kutoka kwenye seva wakati diski inakuja. Kweli tukaanza kuvuta, tuna GB 11, bando zinaliwa kama karanga. Haijafika nusu, tarehe 12 Mei nyaya za baharini zikakatika huko kusini kwetu, mtandao nchi nzima ukawa wa kudonoa, imeli moja yenye kiambatanisho unaweza ukaswali ukarudi bado inazunguka. Yani barabara hakuna, bahari hakuna, na ripoti ya mfadhili ni mwisho wa mwezi.

Mwisho diski ilifika, kondakta aliilalia kama mto siku zote hizo, ilikua nzima. Tulichojilaumu ni kimoja, faili la .pst la miaka ya nyuma lilikua palepale Lindi, dakika ishirini za kulikopi na kebo mezani, sisi tukalipeleka kutembea kilomita mia nne na ushee.

mamaMikindani: Kondakta huyo aongezewe nauli

mzee_wa_Masasi: Vijana sisi wa Outlook 2000 faili likigonga GB 2 linakufa hapohapo halifunguki. Microsoft walikua na kiprogramu cha kulikata mkia, ukishakata unalipitisha kwenye scanpst, programu yao ya kutengeneza faili la .pst lililoharibika, linaamka, ila zilizokua kwenye mkia ndo umeziaga. Hiyo scanpst bado inakuja na Office, karani ikusaidie faili likigoma kufunguka, lakini iendeshe kwenye nakala, sio kwenye lenyewe. Na funga Outlook kabla ya kukopi.

karani_wa_bandari: Wakuu narudi na mrejesho, nimeshinda ofisini Jumamosi nzima. Fundi_Ligula Mungu akubariki, kwenye Data Files nimekuta mistari MIWILI. Moja iko Documents kama ulivyosema, GB 7 na kitu. Ya pili inaitwa archive.pst imejificha kulekule AppData kwa mama Mikindani, mimi sikujua hata kama ipo, Outlook ilikua inahamishia barua za zamani humo yenyewe. Karatasi za 2017 zote zilikua kwenye hiyo ya pili! Ningekopi ya kwanza tu ningemjibu mhindi kwa dua.

Umeme ukakatika ikiwa asilimia 80, nikafuta kipande kilichoingia nikaanza upya na jenereta la jirani. Nimezikopi kwenye diski, toka kwenye diski nikaziweka ndani ya mashine mpya, ndo nikafungua kwa Outlook. Zimefunguka zote. Kilichogoma ni kwamba bosi akiandika herufi mbili za jina la mteja halijijazi, na saini yake ya chini haipo, amenuna anasema nimemharibia imeli.

fundi_Ligula: Saini hazikai kwenye .pst. Ziko AppData, Roaming, Microsoft, folda ya Signatures, ikopi kama ilivyo uibandike sehemu hiyohiyo kwenye mpya. Majina yatajijaza taratibu akianza kuandikia watu.

karani_wa_bandari: Saini imerudi, kanuna kidogo tu sasa. Mashine ya zamani nimeifunika kanga chini ya meza, anataka ampe mwanae aende nayo chuo, nimemwambia bosi tuvute subira mpaka msimu wa korosho upite.