Asiyeona na simu janja: anasa au haja?

Mleta mada:

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa.

Baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi. Presha ya macho imempofua, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Mwezi uliopita nikamnunulia simu janja ya shilingi 16,000. Ami yangu alipoisikia ikizungumza barazani akaniita kando: "Mtu haoni, simu ya kupapasa ya nini? Ungemnunulia mulika mwizi, pesa zilosalia ukatia mabati." Waliokuwepo karibu wote walimuunga mkono.

Nasema ami amekosea. Baba alikuwa nayo hiyo mulika mwizi. Kidole chake kilijua ile nundu ndogo iliyo kwenye 5, na kuanzia hapo namba zote alizijua. *334#, ile ya menyu ya M-Pesa, aliipiga upesi kunishinda. Shida ni kinachofuata. Menyu inatokea kwenye kioo, kimya. Hajui amefika wapi, hajui kama jina lililotokea ni la mtu aliyemkusudia. Basi kila akitaka kutuma pesa humwita kijana aliye karibu na kumtajia namba ya siri, kwa sauti, mlangoni kwa wakala, watu wamejipanga nyuma yake. Mwaka jana zikapotea 4,000. Mpaka leo hatujui nani, kwa sababu namba ile tuliijua watu si chini ya sita, na mmoja wao ni mimi. Miezi mizima nyumba nzima tulitazamana kwa jicho la pembeni.

Sasa akipitisha kidole simu inamsomea kwa Kiswahili, akipata anachokitaka anagonga mara mbili. Namba yake mpya hata mama haijui.

Noti angalau unaweza kuzipapasa, zile za 2019 zimewekewa alama za kuguswa kwa ajili ya wasioona. Lakini noti zinatuhama. Tangu 2023 serikali ya Kenya imeelekeza malipo ya huduma zake kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma, kwa Paybill moja, yaani namba moja ya kulipia kwa simu, 222222. Anayemwambia asiyeona atosheke na mulika mwizi anataka pesa zake zishikwe na wengine maisha yake yote. Nipingeni.

Jibu, kutoka Kisauni:

La namba ya siri nakubali, ndugu. Ila msiwasukume watu kwenye mikopo. Mama yangu pia haoni. Tulichukua simu ya kulipa kidogo kidogo: 2,500 za mwanzo, kisha 70 kila siku mwaka mzima. Piga hesabu, ni 28,050, na simu kama hiyo dukani ni hizo hizo 16,000. Mimi naendesha tuktuk. Siku ya mvua kubwa narudi mikono mitupu. Siku mbili sikulipa, simu ikajifunga. Maelezo ya namna ya kulipa ili ifunguliwe yalitokea humo humo kwenye kioo, kwa maandishi, na ile sauti ya kumsomea imekatwa. Mama aliishika mchana kutwa akidhani imeharibika. Nilipofika usiku ndipo nikajua.

Jibu, kutoka Likoni:

Mimi ndiye asiyeona mwenyewe, miaka kumi na moja sasa. Simu ninayo, na bado nasumbuka. Programu ninayowekea akiba ilibadilishwa sura mwezi wa tatu. Tangu hapo napapasa nasikia: kitufe, hakina jina. Kitufe, hakina jina. Nikawa nahesabu, cha nne kutoka chini ndicho cha kutuma. Siku moja wakaongeza kitufe kingine, nikatuma mara mbili. Kukipa kitufe jina ni mstari mmoja kwa anayeiandika programu. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inatupa haki ya kupata habari, na kutumia njia za mawasiliano zinazotufaa. Kwa hiyo mleta mada, ugomvi wako na ami ni nusu tu. Nusu ya pili wako ofisini wanaotengeneza hizo programu bila kufumba macho na kuzijaribu hata mara moja.

Mleta mada:

Wa Likoni, sina la kukupinga. Nitaongeza hili: ukikutana na kitufe kisicho na jina, mpe taarifa yeyote anayeona aandike malalamiko nawe, kila mara, mpaka wachoke.

Wa Kisauni, yangu nililipa taslimu, tulichanga ndugu watatu. Ilifaa niseme tangu mwanzo. Kifaa ambacho mtu anakitegemea kama fimbo yake kisifungwe kwa shilingi 140, hapo niko nawe kabisa. Lakini harusi tunachanga, matanga tunachanga. Kwa nini hili aachiwe mtu mmoja na mkopo?

Na anayekwenda kununua, mwende naye mwenyewe. Kabla hujatoa pesa ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, uwashe TalkBack, ile sauti inayosoma kioo, palepale kaunta. Mwekee hedifoni sikioni, aitafute menyu ya pesa kwa kidole chake, ajaribu kuuliza salio. Akifika penye namba ya siri, wewe geuka utazame barabarani.