Naomba ushauri: usingizi ukiwa peke yako chomboni

Asalaam alaykum ndugu zangu, hasa manahodha wa Nungwi na Mkoani. Najiandaa na Mini Transat, mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja kwa chombo cha tanga cha mita 6.5. Kabla ya hapo lazima nimalize maili 1,000 za baharini peke yangu, bila kusimama. Usukani na tanga naviweza; usingizi ndio mtihani. Nimejaribu kulala dakika 20 na kengele shingoni, usukani nimeufunga kamba, lakini mkondo wa Pemba una ngalawa zisizo na taa, nashtuka ovyo. Kahawa chungu imeniletea kiungulia tu.

Nihamie mashariki ya Pemba, bahari kuu, au upepo wa kusi ukishika ni hatari kwa mtu mmoja? Na nyinyi usiku mnagawaje usingizi?