Land Rover Series III yenye difu za 3.54: spidomita na odomita (kihesabu kilomita) zinasoma pungufu

Mwamba109
Wakuu, Series III ya 109 imetolewa difu za 4.7 mbele na nyuma (propela shafti, mhimili unaoleta mwendo kwenye difu, inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja), zimewekwa za 3.54. Tairi ni zilezile 7.50-16. GPS ikisema 80, spidomita inasema 60. Fundi anataka kulegeza springi ya mshale. Inatosha?

SpanaKumi
Hapana mkuu, mwambie asiiguse. Kebo inazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe cha alumini kilichoshikana na mshale, na springi inakizuia. Odomita haimo humo kabisa, inaendeshwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye kebo. Akilegeza springi mshale utasema kweli, lakini odomita ikiandika 5,000 gari itakuwa imetembea kama 6,640, na oili imepitiliza.

Tatizo ni difu: 4.7 ÷ 3.54 = 1.33. Kebo inachukua mwendo kwenye transfa (boksi la gia linalogawa mwendo kwenda difu za mbele na nyuma), kabla ya difu, kwa hiyo sasa inazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Funga kiboksi cha gia kinachozidisha mizunguko mara 1.33 kati ya transfa na kebo. Mshale na odomita vitarudi pamoja. Hakikisha hakigeuzi mwelekeo wa mzunguko.

Gurudumu_la_Akiba
Naongezea: usiagize kabla ya kupima. Chomoa kebo nyuma ya spidomita, bandika tepu kwenye waya wa ndani, sukuma gari mita 50 kwenye lami tambarare, hesabu mizunguko hadi robo yake, zidisha kwa 20. Hiyo ni mizunguko kwa kilomita. Kwenye uso wa spidomita ya Smiths kuna namba ndogo ya mizunguko ya kebo kwa maili au kwa kilomita. Kama ni ya maili, igawanye kwa 1.609. Namba ya uso ÷ uliyopima = uwiano wa kuagiza.

Usipige jeki gurudumu moja ukalizungusha kwa mkono. Difu itafanya propela shafti izunguke nusu tu, na hesabu yote itaharibika.

Mwamba109
Shukrani wakuu. Na mshale kutetemeka ukiwa chini ya 30?

SpanaKumi
Hiyo ni kebo. Mkunjo wake usiwe mkali kuliko nusu kipenyo cha sm 15. Grisi iwe kidogo, na sm 20 za juu ziache kavu. Grisi ikipanda hadi kwenye kikombe, mshale utasoma juu au utanata. Waya wa ndani utokeze kama mm 10 upande wa spidomita.