Mjadala: Sepsisi na dripu, tuangalie mshipa kwanza?

Daktari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), Mwanza: Hospitali za wilaya huku ziwani, Sengerema, Magu hadi Ukerewe, zitumie ultrasaundi ya wajawazito kuangalia vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu ya tumbo na miguu kwenye moyo, kabla mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili) hajatundikiwa chupa ya tatu ya maji. Utafiti wa FEAST (2011), watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali, ulionyesha waliomiminiwa maji haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48 kuliko wasiomiminiwa: takriban 10.6% kwa 7.3%.

Sonografa: Mkuu, nani atapima? Probu, kifaa cha mashine kinachowekwa mwilini, inakaa chini ya ncha ya kidari, alama ielekee kichwani. Unaufuata mshipa mpaka uone unaingia chemba ya juu kulia ya moyo, unapima sentimita 2 kabla ya hapo. Asiyezoea hukamata aota, mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, akidhani ndio wenyewe. Kosa baya zaidi ni hili: mgonjwa akivuta pumzi ini linashuka, mshipa unateleza nje ya mkato wa probu, na kwenye skrini unaonekana umesinyaa. Anaongezewa maji asiyoyahitaji! Lazima ugeuze probu, upate picha ya mshipa kwa upana, uhakikishe.

Bingwa wa magonjwa ya ndani: Hata ukipima sawasawa, mipaka inayotumika, upana wa sentimita 2.1 na kusinyaa kwa 50%, ni makisio ya presha ya moyo upande wa kulia, tena kwa anayepumua mwenyewe. Hayasemi kama maji yatamsaidia. Kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, mambo yanageuka, mshipa hutanuka pumzi ikiingia. Na wanaotaka kuongeza dopla (kipimo cha mtiririko wa damu) ya mshipa wa pota, unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, wakumbuke kichocho cha tumbo kilivyo kingi visiwani. Ini lenye makovu hubadilisha mtiririko wa pota, ukasoma vibaya.

Muuguzi wa dharura: Kipindupindu je? Mtu mzima aliyekaukiwa kabisa anapewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Hapo kutafuta probu ni kumchelewesha. Mama anayevuja damu vilevile.

Daktari wa ICU: Sista, hao nawaondoa kwenye hoja. Na bingwa yuko sahihi: mshipa mwembamba usiwe amri ya kutundika dripu. Ninachotaka ni breki. Mshipa umejaa, hausinyai, mapafu yana mistari ya B (alama za ultrasaundi za mapafu yenye maji) pande zote, presha bado iko chini: funga maji, anza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, na geukia kuchunguza moyo.

Sonografa: Kwa breki nakubali, kwa sharti picha zote mbili, ya urefu na ya upana, zihifadhiwe kwenye mashine ili anayepokea zamu azikague.