Tupeane uzoefu: kujitolea kwenye uhifadhi wa wanyamapori nje ya nchi, kazi huharibikia wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Vijana wengi wanatamani kwenda kujitolea kwenye miradi ya wanyamapori ng'ambo. Sifa za "nilifurahi sana" tumeshazisikia za kutosha. Tuwekeane kazi yenyewe: inafanywaje, na huharibikia wapi.

Mzee wa Nyayo
Naanza na kuchagua mradi, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Tangazo likikuahidi kulisha watoto wa simba kwa chupa na kupiga nao picha, pita. Watoto hao hutenganishwa na mama wakiwa wachanga ili wazoee mikono ya watu, naye jike akishanyang'anywa watoto huingia joto mapema na kubeba mimba nyingine. Simba aliyelelewa hivyo harudi porini. Afrika Kusini, baadhi ya simba wa kufugwa wameishia kupigwa risasi ndani ya uzio na wawindaji wa kulipia, na mifupa kuuzwa Asia.

Kabla ya kutuma hela, uliza: mnazalisha wanyama? Mgeni anaruhusiwa kuwagusa? Mwaka jana mmeachia wangapi porini, na mnawafuatiliaje? Wakikujibu kwa picha badala ya namba, umeshajibiwa.

Bamvua
Upande wa kasa. Doria ni ya usiku na tochi ni nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe humrudisha kasa majini kabla hajataga. Akiwa bado anachimba, kaeni mbali. Akianza kuangusha mayai ndipo msogee, kwa nyuma, mmeinama. Gamba hupimwa kwa futi laini kama ya fundi cherehani, ikifuata mviringo wake.

Kazi ngumu ni kuhamisha mayai. Kasa wa kijani hutaga mayai yapatayo 110 kwa mara moja. Kiota kikiwa mahali ambapo bamvua (maji ya bahari yakijaa kupita kawaida) litakifikia, hamisheni mapema, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Baada ya saa chache kiinitete hujishikiza kwenye ganda kwa ndani; ukiligeuza yai wakati huo unakiua, na kwa nje huoni kitu. Upande wa juu ubaki juu. Mikono yenye dawa ya mbu isiguse yai.

Shimo jipya lifuate umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, na kina kile kile cha shimo la mama. Wageni huchoka na kuchimba fupi. Mchanga wa juu una joto zaidi, na kadiri joto linavyopanda kupita nyuzi 29 hivi ndivyo majike wanavyozidi. Likizidi mno, mayai hufa.

Kadi Tupu
Kamera za kujipiga zenyewe msituni: kwa wanyama wa ukubwa wa kati, ifunge sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, isitazame mashariki wala magharibi. Fyeka nyasi zilizo mbele yake. Jani moja likichezacheza juani linatosha kujaza kadi kwa picha elfu za jani. Halafu tambaa mbele yake uone kama inakunasa. Kosa la kijinga kuliko yote ni tarehe na saa: betri zikitolewa, baadhi ya kamera hurudi mwaka wa kiwandani, na data ya mwezi mzima haina maana.

Sindano
Chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya safari ni dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Haikuondolei wajibu: ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, kisha ukachomwe za nyongeza. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanje wiki ya safari. Kama mradi ni wa sokwe na una mafua, baki kambini. Mafua yetu huwaua.

Mgeni Kwenye Mada
Na vitoto vya kasa, tuvibebe hadi majini?

Bamvua
Hapana mkuu. Viache vitembee vyenyewe. Nyinyi sawazisheni nyayo zenu mchangani, maana kitoto kikitumbukia humo hakitoki, na kaa wanakisubiri.